Vyungu Vinne vya Shambani

Wasomaji wenzangu, nina miaka sitini na minne. Shule niliishia darasa la pili, lakini hapa Kibaoni, Ifakara, nyumba ya bati na trekta nilivipata kwa jasho langu. Sikurithi hata jembe. Nawaambia haya mjue mimi si mpumbavu... na bado nilifanya upumbavu.

Miaka ile ya tisini nilikuwa na shamba la mpunga Mchombe. Msikitini nilisali safu ya mbele, nyuma ya imamu. Nikikosa swala moja watu waliuliza niko wapi, na mimi nilipenda waulize.

Lakini kila msimu, kabla ya kupanda, mganga alinizikia vyungu vinne vya dawa, vimefungwa kitambaa chekundu mdomoni, kimoja kila pembe, ili mavuno yasichukuliwe kichawi. Jambo hilo nililiita zindiko. Jina lake la kweli, ushirikina, lingenitia aibu.

Mke wangu hakunificha. "Baba Zuhura, msikitini una Mungu mmoja. Shambani umezika wengine wanne. Siku ya shida utamwita yupi?"

Nilimjibu kwamba mwenye shamba ni mimi, yeye apike.

Mwaka mmoja mto ulifurika, mpunga ukazama. Maji yalipopungua nikakagua pembe zote. Vyungu vitatu vipo, cha nne hakipo. Mganga akasema kimefukuliwa na mtu ninayekula naye sahani moja. Nani mwingine, kama si Mama Zuhura?

Aliapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba hakukigusa. Nami, mtu wa safu ya mbele, nikaacha kiapo kile nikashika neno la mganga! Nikampa talaka. Miaka kumi na tisa ya ndoa... Alifunga kanga zake akarudi kwao Sanje.

Kiangazi trekta langu lilikuwa linalima shamba la jirani, kule bondeni. Jembe likagonga kitu. Chungu changu, kimejaa tope, kitambaa chekundu bado mdomoni. Kilisombwa na mafuriko tu.

Dereva akakigeuza kwa mguu. "Mzee, hiki ndicho kilikuwa mlinzi? Mbona hata kuogelea hakijui?"

Sikucheka. Kesho yake nikaenda Sanje. Nilimkuta Mama Zuhura ameanika mpunga, anaugeuza kwa miguu. Nikamwambia chungu kimeonekana, sasa najua hana kosa, turudi nyumbani.

Hakusimama. "Kwa hiyo chungu ndicho kimenitolea ushahidi. Nilipomtaja Mungu hukuniamini. Chungu umekiamini."

Nikageuka, nikarudi peke yangu.

Hakurudi. Vile vitatu nilivifukua mwenyewe, mchana, watu wananitazama. Siku hizi nasali safu yoyote yenye nafasi, lakini situlii. Nikiinama kusujudu najiuliza, je, nimekuja na moyo mzima safari hii, au kuna pembe nimeisahau?

Wewe unayesoma, usingoje mafuriko. Kama kuna kitu umekizika, kakifukue leo, kabla hujamfukuza mtu.