Sauti Kwenye Spika ya Kushoto

Jua lilikuwa limeanza kupoa Debora alipofika Kilangala kununua gramafoni ya marehemu Likwata. Mumewe Modesti, fundi redio wa Lindi mjini, alikuwa amepofushwa na kisukari mwaka uliopita. Tangu hapo alikuwa akishinda kitini, akipapasa santuri zake ambazo hazikuwa na mashine ya kuzipiga. Debora alichoka kumwona akinyauka hivyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pita." Esha, mjane wa Likwata, alimwingiza chumba cha nyuma.

Gramafoni zilikuwa mbili. Moja ya plastiki, nyepesi kama sinia. Nyingine ya mbao, sahani yake nzito ya chuma, na amplifaya yake na spika mbili zinazofika kiunoni.

"Chukua hiyo ndogo," Esha alinong'ona.

"Kwani kubwa ni mbovu?"

"Mbovu? Hapana..." Esha aliutazama mlango. "Inapiga vizuri mno."

Debora alichukua kubwa.

Kesho yake jioni, vidole vya Modesti vilifufuka. Alimwagiza Debora aweke bilauri ya maji juu ya mashine waone kama imekaa sawa, wakachomeka kipande cha boksi chini ya mguu mmoja. Alisogeza uzito wa nyuma ya mkono wa sindano mpaka mkono ukaelea, haupandi wala haushuki, kisha akauzidishia kidogo tu. Akaunganisha nyaya za spika kwa kupapasa. Akacheka. Debora alikuwa amesahau kicheko kile.

Santuri ikaanza. Gitaa, halafu tarumbeta. Machozi yakamtiririka Modesti.

Wimbo ukaisha. Sindano ikabaki ikikwaruza karibu na kitovu cha santuri.

Khrr... khrr... khrr...

Chumba kikanuka udongo mbichi, kama kaburi linapochimbwa.

"Mama Agnes," Modesti alimwambia mkewe taratibu, "nani amekaa mbele yangu?"

"Hakuna mtu."

"Yupo. Anapumua."

Debora naye akasikia. Pumzi ilitoka kwenye spika ya kushoto. Kisha kikohozi kidogo, kikavu. Kisha sauti ya mwanamume, ya upole, kama jirani anayepiga hodi.

"Modesti..."

"Naam," Modesti akaitika.

Debora alichomoa plagi. Taa ya amplifaya ikazimika.

Sahani iliendelea kuzunguka.

Aliikamata kwa mikono miwili. Ilikuwa ya moto kama paji la mgonjwa. Ikagoma, ikatetemeka, ikasimama.

Asubuhi alimwacha Modesti amelala, akakodi kigari cha kirikuu, akairudisha mashine yote Kilangala. Esha alikuwa anafagia uwanja. Hakushangaa.

"Ilimwita mume wangu pia," alisema. "Aliitika. Wiki haikuisha, akafa. Ila jeneza lilikuwa jepesi mno, mwanangu. Waliolibeba walitazamana. Mimi najua tulizika mgomba; yeye waliomwita walimchukua."

"Sasa yeye yuko wapi?"

"Ningejua, ningekwenda." Esha akaegemea ufagio. "Iliyomwita mume wangu ilikuwa sauti ya mwanamke. Hiyo ya kwenu ikoje?"

"Ya mwanamume. Ya upole. Anakohoa kidogo kabla ya kusema."

Ufagio ulimdondoka Esha.

"Kikohozi kikavu?"

"Ndiyo, mama."

"Huyo ni Likwata." Alikaa chini palepale, vumbini. "Sasa wanamtuma yeye... Mumeo aliitika?"

Debora aliinamisha kichwa kukubali.

"Rudi nyumbani," Esha alisema.

Debora alimkuta Modesti kitini, ametazamishwa pembe zilipokuwa spika. Hakujua nani alimtoa kitandani. Amevaa shati lake la kanisani, vifungo vyote vimefungwa. Anatabasamu.

"Mbona umechelewa, mama Agnes?" alisema. "Tumekungoja."

Padri alikuja, akaombea nyumba. Mganga kutoka Nyangamara alikuja, akasimama mlangoni, akageuka akaondoka bila kuingia. Modesti hakufa. Mpaka leo anakula, anaoga, anatolewa nje kuota jua. Ila jioni huinua kichwa, akasema, "Naam," mara mbili au tatu, kwa adabu.

Debora akimwita, haitiki.