Simu Iliyolia Ndani ya Utupu

— Leila, wageni wanangoja. Nikawaambie nini?

Shangazi Khairunisa alisimama mlangoni mwa chumba changu, ameshika kitasa. Sebuleni Baba alikuwa ameketi na Salman, yule kijana wa kupitisha vitunguu mpakani Lwakhakha, pamoja na wazee wake. Walikuwa wamefika kwetu Bungoma bila taarifa, wamebeba sukari na leso, kuniposa.

— Shangazi, ngoja kidogo tu.

— Ningoje nini? Desturi unaijua. Msichana akiulizwa akanyamaza, amekubali. Ukikaa hapa kimya, hivyo ndivyo nitawaambia.

Akatoka. Nikapiga simu Kitale. Naim, niliyemchagua mwenyewe, hakushika. Nikapiga tena, ikalia mpaka ikachoka. Nikamwandikia:

"Watu wa Salman wako kwetu. Baba anataka jibu SASA. Piga, Naim!"

Kimya. Hasira ikanipanda. Wazee wa Naim walishakuja wakarudishwa, kwa sababu Baba alisikia ati huyu mwalimu wa fizikia anafundisha watoto kwamba ulimwengu ulitokea bure. "Sitampa binti yangu kafiri mwenye kofia," alisema. Naim aliniahidi atakuja kujieleza mwenyewe. Na siku yenyewe ndiyo hii, simu hashiki!

Nikampigia Viola, wanafundisha shule moja.

— Viola, Naim ako wapi?

— Ako lab na Form Three. Kwani nini? Mbona unahema?

— Kimbia umwambie asome meseji yangu, naozwa!

— Unaozwa? Kwa nani, bana?

— Viola, kimbia!

Nilisikia viatu vyake vikigonga sakafu, mlango ukafunguka, kisha kicheko cha darasa zima na sauti ya Naim, imejaa raha:

— Mnaona? Simu yangu imelia humu ndani, taa ikawaka, lakini hamkusikia kitu. Pampu imetoa hewa yote kwa huu mtungi wa kioo. Sauti haipiti mahali patupu. Mwangaza unapita.

— Mwalimu, na nani huyo alikuwa anapiga hivyo?

— Wachana na hiyo. Sasa, patupu maana yake hakuna kitu? Hata! Ukitoa hewa yote, bado...

— Naim! — Viola akapaza sauti. — Si usome hiyo meseji! Leila anaposwa saa hii!

Kicheko kikakatika. Nikakata simu. Kumbe kilio changu ndicho kilichokuwa kikifundishia Form Three!

Sikungoja zaidi. Nilijifunga mtandio, nikaenda sebuleni. Shangazi alikuwa ameshafungua mdomo kunisemea.

— Baba, nisamehe. Sikubali.

Mzee mmoja akaweka kikombe chini. Salman akatazama mkeka, nikamhurumia. Baba hakupandisha sauti, na hapo ndipo huwa namwogopa zaidi.

— Ni kwa sababu ya yule mwalimu?

Kabla sijajibu, simu ikalia mkononi mwangu. Naim. Baba akaichukua, akaweka spika.

— Leila, usinyamaze! Tafadhali, sema...

— Mimi ni Yakub, baba yake.

— Asalam aleikum, mzee.

— Waaleikum salam. Nakuuliza mbele ya watu. Ni kweli unafundisha ati ulimwengu ulitoka kwa bure?

— Hapana, mzee. Nafundisha kwamba zamani sana vitu vyote vilikuwa vimefinyana pamoja, moto mkali ajabu, halafu nafasi ikaanza kupanuka. Mpaka leo inapanuka. Na hiyo nafasi tunaita tupu, iko na nguvu ndani yake. Si bure.

— Na kabla ya hapo?

Mwambie ni Mungu, Naim. Mwambie tu hivyo tumalize! Nilikuwa naomba kwa midomo tu.

— Naamini Mungu ndiye ameumba, mzee, na ndiye namwabudu. Lakini ukiniuliza kama mwalimu, kabla ya hapo kulikuwa na nini... sijui. Hakuna mtu anajua. Nikisema najua, nitakuwa nakudanganya ndio unipe Leila.

Yamekwisha, nikajiambia.

Baba aliishusha ile simu. Kisha akawageukia wageni.

— Ndugu zangu, mtanisamehe. Binti amesema hapana, na mimi simlazimishi. Mizigo yenu mtarudi nayo, lakini chakula mtakula.

Akairudia simu.

— Wewe. Kuja Ijumaa na wazee wako.

— Mzee?

— Wamekuja vijana wengi hapa, na kila mmoja anajua kila kitu. Wewe unaomba mke na unasema hujui! Mtu kama huyo, siku akimwambia binti yangu jambo, litakuwa kweli. Lakini hiyo maneno ya kupanuka utanieleza polepole. Bado sijaelewa.

Shangazi akaanza kupiga kigelegele, akawakumbuka wageni, akajiziba mdomo. Mimi niliketi pale pale sakafuni, nikalia mbele ya watu wote bila haya.