Msumari wa Kwanza

Watu walimwita Mama Pasi kwa sababu ya kazi yake. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alifua na kupiga pasi katika chumba cha kufulia nguo cha hoteli. Siku nyingine hakukuwa na kazi, wala malipo.

Kila asubuhi alianza kwa kuchambua nguo. Shuka nyeupe huku, taulo kule, nguo za rangi peke yake. Zamani, soksi moja nyekundu ilijificha ndani ya shuka. Ikachuja rangi, na shuka ishirini zikatoka za waridi. Tangu siku ile Mama Pasi alikung'uta kila shuka mara mbili.

Mumewe alikuwa fundi rangi. Akipata kibarua, walikula na kucheka. Akikosa, walikula kidogo, lakini bado walicheka. Waliishi na binti yao wa miaka tisa katika chumba na sebule ya kupanga. Mwenye nyumba alikuwa na sharti moja: hakuna kupigilia msumari ukutani. Kwa hiyo picha ya marehemu mama yake Mama Pasi haikuwa na pa kutundikwa. Ilikaa sakafuni, imeegemea kabati.

Kabati lenyewe lilikuwa na kisa chake. Mwezi mmoja fundi alipaka rangi shule nzima, akalipwa vizuri. Akarudi na kabati kubwa lenye kioo, limebebwa na wanaume wanne.

"La nini?" mkewe aliuliza.

"La nyumba yetu."

"Nyumba ipi, Baba?"

"Tutakayonunua!"

Kabati halikuingia chumbani. Likabaki sebuleni, limeziba nusu ya mlango. Wageni waliingia ubavu ubavu.

Jioni moja muuguzi mstaafu wa mtaa wa nyuma alibisha hodi. Alikuwa na nyumba ndogo ya vyumba viwili.

"Nahamia kwa mwanangu," alisema. "Nyumba nitaiuza. Wanunuzi wapo, lakini nawakumbuka ninyi. Nilipovunjika mguu, wewe Mama Pasi ulinifulia miezi miwili, hukutaka hata asante. Nawasubiri mwaka mmoja. Zaidi ya hapo siwezi, wanangu."

Akataja bei. Fundi akakohoa.

Muuguzi alipoondoka, waliteremsha kopo lao la akiba. Walikuwa wakiweka humo kila kilichobaki mwisho wa mwezi. Fundi alilipindua juu ya meza. Zikaanguka sarafu saba na kifungo cha shati.

"Kifungo changu hicho!" alisema fundi. "Nimekitafuta mwaka mzima."

Binti alicheka. Mama Pasi hakucheka. Alitazama picha pale sakafuni.

"Bibi amechoka kuegemea," alisema binti.

Siku ya pili Mama Pasi alikwenda kwa jirani yao kuomba ushauri. Jirani huyo alikuwa karani wa ushirika wa akiba na mikopo, mwanamke mpole asiyemcheka mtu. Jioni Karani alikuja kwao mwenyewe, akaingia ubavu ubavu, akaketi.

"Dada, niambie. Malipo yako ukishayapata, unayaweka wapi?"

"Hapa." Mama Pasi alionyesha pochi yake.

"Na ya shemeji?"

"Humo humo."

"Kodi inatoka wapi?"

"Humo."

"Chakula? Daftari za mtoto? Dawa?"

"Humo humo, dada."

Karani akatabasamu. "Kazini kwako, unaweza kutia shuka nyeupe na soksi nyekundu kwenye beseni moja?"

Mama Pasi alishika shavu. "Maskini mimi! Kumbe fedha zangu zinachujiana rangi!"

"Basi leo tunazichambua," alisema Karani. "Kwanza, mwezi wenu mbaya kuliko yote mlipata kiasi gani?"

"Mbona mbaya?" fundi aliuliza. "Tuanze na ule mwezi wa shule!"

"Shemeji, ule mwezi ndio umekuletea kabati."

Binti akajificha nyuma ya kabati acheke vizuri.

Karani aliwaeleza polepole. Mtu asiye na mshahara wa kila mwezi hupanga kwa mwezi wake mdogo. Wakigawa pato la mwezi huo mafungu kumi, matatu ni ya kodi. Manne ni ya chakula na shule. Moja ni la maji, taa na nauli. Moja ni la dharura. Moja ni la nyumba.

"Fungu moja tu?" Mama Pasi aliuliza. "Tutafika lini?"

"Ngoja. Mwezi mkipata zaidi ya hapo, kile cha ziada chote ni cha nyumba. Na fungu la nyumba linatoka kwanza. Ninyi mlikuwa mnangoja kibaki. Hakibaki, dada. Kitoe siku ile ile ya malipo, kabla hujapita dukani."

"Halafu nikiweke kwenye kopo?"

"Hapana. Kopo liko karibu mno na mkono. Lete ushirika, upewe risiti. Mkifikisha robo ya bei, na mkiwa mmeweka kila mwezi bila kuruka, ushirika unaweza kuwakopesha iliyobaki. Lakini marejesho yasizidi kodi mnayolipa sasa. Yakizidi, mkopo huo ni mzito kwenu. Uacheni."

Jumatano iliyofuata, jioni, Mama Pasi alishona mifuko mitano midogo kwa kitambaa cha foronya kuukuu alichopewa na msimamizi wake. Binti aliandika kwa kalamu juu ya kila mmoja. Mfuko wa nyumba ulitunza risiti za ushirika tu.

Miezi minne mambo yalikwenda sawa. Mwezi wa tano hoteli ilikosa wageni. Mama Pasi akapunguziwa siku, zikabaki mbili. Alirudi nyumbani, akaketi bila kuvua viatu.

"Imekwisha, Baba. Tutaruka mwezi huu."

Fundi alichukua mfuko wa dharura, akauweka magotini pake. "Hii si ndiyo siku yake? Huu utatununulia chakula. Fungu la nyumba hatuligusi."

Kisha akalitazama kabati. Akalitazama tena.

"Mwenye duka la nguo anatafuta kioo kikubwa," alisema taratibu.

"Kabati lako, Baba?"

"Mama watoto, nimechoka kuingia kwangu kama kaa."

Kesho yake wanaume wanne walilibeba. Fedha yake yote ilikwenda ushirika. Sebule ikawa pana, na picha ikaegemea ukuta. Baada ya miezi miwili hoteli ilimrudishia Mama Pasi siku zake.

Mwezi wa kumi na moja walifikisha robo. Fundi alitaka kukimbia kwa muuguzi na fedha mkononi.

"Taratibu, shemeji," alisema Karani. "Kwanza twende ofisi ya ardhi. Tuhakikishe hati ni ya muuguzi na haina deni. Pili, kuna ada ya kubadili hati. Mmeitenga?"

"Tumeitenga," alijibu Mama Pasi. "Ulituambia mapema."

"Na jina liandikwe la nani?"

Fundi alijibu kabla ya mkewe. "Letu sote wawili. Mifuko kaishona yeye."

Hati ilikuwa safi. Ushirika ukakubali mkopo, na marejesho yake yakawa chini kidogo ya kodi ya zamani. Muuguzi alilipwa siku kumi na mbili kabla ya mwaka kutimia. Aliwaachia funguo, na ndoo iliyojaa maji, wasisumbuke kuchota siku ya kwanza.

Walihama Jumamosi. Kabla ya kufungua mizigo, fundi alitoa nyundo na msumari. Alikuwa amepaka kuta za watu miaka kumi na tano. Hakuwahi kutoboa ukuta wake.

Msumari wa kwanza ukapinda.

"Fundi gani wewe!" Mama Pasi alimtania.

"Nimezoea brashi, mke wangu."

Akashika wa pili. Mama Pasi akaushikilia kwa vidole vyake, yeye akagonga taratibu, asimuumize. Ukaingia sawasawa.

Binti alipanda juu ya kiti, akatundika picha. Akashuka, akarudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa kuipima.

"Haya, Bibi," alisema. "Sasa umefika."