Ukurasa Uliojengewa Ukutani

Yaliyompata Nevena, binti wa mama yangu mdogo, niliyaona kwa macho yangu, kwa hiyo sina jirani wa kumsingizia. Ningemsingizia kwa furaha.

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine yoyote. Basi la asubuhi lilitushusha mahali lami inapoishia, katikati ya milima ya Rodopi, likageuza na kurudi lilikotoka kama lililosahau kitu. Wiki nzima tulikuwa tunatembea kijiji hadi kijiji. Miguu yangu ilikuwa imeumuka kama unga uliotiwa hamira, na nilikuwa nimefikia ule uchovu ambao mtu hana hata nguvu za kulalamika vizuri.

Nevena alikuwa na daftari lake la safari. Wengi niwajuao wanaoandika madaftari ya safari huandika kwamba upepo wa mlimani uliwanong'oneza jambo. Upepo haunong'onezi mtu, unapuliza vumbi tu. Kazi yangu ni kusahihisha tasnifu za watu wa chuo kikuu, nimeshasoma minong'ono ya kunitosha mpaka kaburini. Lakini daftari la Nevena lilikuwa la kweli. Supu ya maharage ilizidi chumvi. Dereva kamtukana mbuzi, mbuzi hakujibu. Dada Rayna kakoroma tena. Rayna ni mimi.

Tangu mumewe aondoke, hakulala bila kuandika. "Dada, siku nisiyoiandika naona kama si yangu," aliniambia.

"Nigawie mimi hizo," nikamjibu. "Zangu zote zinanihusu kupita kiasi."

Mimi siandiki kitu ila kwa lazima. Natumia mkono wa kushoto, na kila nikiandika kwa wino, kiganja hupita juu ya maneno na kuyapakaza. Ukurasa wangu hufanana na kioo kilichofutwa na mlevi.

Tulipanga chumba kwa fundi Stamen na mkewe, bibi Gergina. Nyumba yao ya mawe ilisimama ukingoni mwa korongo, na ukuta wa upande wa korongo ulikuwa umebomoka. Fundi alikuwa ameujenga na kuujenga tena. Kila akiuinua, kunapokucha unakutwa umelala. Nyuma ya ukuta huo ndipo walipokuwa wakilala binti yake na wajukuu wawili, kwa kuwa chumba kingine kilikuwa cha kupangisha wageni kama sisi. Kwa muda ule walilala jikoni, wamebanana kama pilipili kwenye mtungi.

Mbele ya ukuta palikuwa na njia nyembamba. Asubuhi ile nilimwona mama mmoja mwenye ndoo ya maziwa akiikaribia njia, akasimama, akaliangalia jua, kisha akazunguka kupitia kwenye miiba. Baadaye mzee mmoja naye vivyo hivyo.

"Mbona wanazunguka, bibi?" nikauliza. "Kuna nyoka?"

Bibi Gergina alikuwa anamenya pilipili za kuchoma. "Kuna jua, binti. Msingi ukiwa wazi, mtu hapitishi kivuli chake juu yake."

"Akipitisha?"

"Fundi akikipima kwa uzi, akaujengea uzi ndani, ukuta unasimama." Aliichuna pilipili ngozi yote kwa mkupuo mmoja. "Mwenye kivuli ndiye asiyesimama. Hafikishi siku arobaini. Anabaki humo, analinda nyumba."

"Mambo ya watu wasio na saruji hayo."

"Ndiyo," alisema. "Saruji tumenunua. Nayo inaanguka."

Nilicheka. Nevena hakuwepo kucheka. Alikuwa amekaa juu ya gogo kwenye njia ile ile, korongo na jua vikiwa mgongoni, anaandika. Kivuli chake kilifunika ukurasa, kikamwagika mbele yake hadi kwenye mawe ya msingi.

"Nevena, wanasema usikae hapo!"

"Hapa ndipo penye upepo, dada. Njoo unong'onezwe."

Fundi Stamen alikuwa amechutama karibu naye na uzi wake wa kujengea, mwekundu, ule ambao mafundi huutumia kunyooshea mstari. Aliuvuta kutoka kwenye jiwe hadi kwenye ncha ya kiatu cha Nevena. Niliona. Nilidhani anapima ukuta.

"Una mume, binti?" nilimsikia akimwuliza.

"Aliondoka, mzee. Alichukua na redio."

"Watoto?"

"Sina."

"Na yule je?" Alinielekezea kidevu.

"Yule?" Nevena alicheka. "Yule ananisindikiza tu. Mradi apate mahali papya pa kukoromea."

Fundi hakucheka. Alikata uzi kwa meno.

Tukaitwa kula. Daftari likabaki kwenye gogo. Tuliporudi, ukurasa wa siku ile ulikuwa umechanwa, mchano mnyoofu, wa mtu asiye na haraka. Tukawalaumu wajukuu. Mdogo alilia kwa kusingiziwa, na bibi Gergina, aliyekuwa mlangoni, hakumtetea wala hakumgombeza.

Jioni ukuta ulifika juu. Asubuhi tuliukuta umesimama.

Nevena alikunywa mtindi wake, kisha akaniuliza, "Jana tulifanya nini?"

"Acha mzaha."

"Sifanyi mzaha. Nakumbuka kulala kijiji cha juzi. Halafu niko hapa."

Nikamsimulia: mbuzi, gogo, pilipili. Akaandika yote upya, huku kakunja uso. "Naona kama naandika ya mtu mwingine," alisema.

Tukarudi kwetu, mjini Plovdiv. Nevena alianza kuchoka. Sisemi uchovu kama wangu, ambao ni tabia. Alichoka kama nguo inavyochakaa, kidogo kidogo, kwenye mikunjo kwanza. Alikaa katikati ya ngazi akashindwa kwenda juu wala chini. Hospitali walimpima damu, moyo, kifua. Daktari alisema damu ya Nevena ni nzuri kuliko yake mwenyewe, akamwandikia vitamini na mapumziko. Mimi nikamwambia ale maini.

Siku moja tulikuwa tunaanika nguo barazani. Jua lilitupiga mgongoni. Kivuli changu kilipanda ukutani, mabega na kichwa, na mikono ikibana shuka.

Cha Nevena kiliishia magotini.

Nilimsogeza. Nikamrudisha. Nikalitazama jua. Magotini.

Sikumwambia. Nilimlaza, nikachukua daftari lake kutoka chini ya mto. Nilijiambia natafuta alichokula. Kurasa za kwanza zilikuwa zake: maini mabaya, daktari ana meno mazuri. Halafu hazikuwa na chakula tena. Hazikuwa na mimi. Mwandiko ulikuwa wake.

*Leo wamepaka chokaa. Baridi.*

*Wamewarudisha watoto chumbani. Kitanda wamekisogeza kwangu.*

*Mdogo anaota vibaya. Anapiga teke usingizini. Anapiga hapa, karibu na uso wangu.*

Nilimwamsha. "Nevena. Haya umeandika lini?"

Alifungua macho taratibu, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha mbali.

"Mimi siandiki, dada," alinong'ona. "Nasikiliza tu."

Nilipanda basi la asubuhi. Nimesoma miaka mingi, na elimu yangu yote njia nzima ilikuwa inaniambia nishuke. Sikushuka. Nilikuwa nimechoka sana kubishana nayo.

Fundi Stamen alikuwa kwenye gogo lile lile. Hakushangaa kuniona.

"Yuko wapi?" nikamwuliza.

Aliuonyesha ukuta kwa kidole gumba, usawa wa kifua. Chokaa nyeupe, safi, bila ufa. Upande wa pili nilisikia watoto wakigombania kitu.

"Nilidhani hana watu," alisema.

"Ana mimi."

"Alisema unamsindikiza tu."

"Ulikuwa mzaha, mzee! Watu hutaniana!"

"Huku hatutanii juu ya msingi." Alijipangusa uso. Naye alikuwa amechoka, niliona, ikaniudhi. "Mara ya mwisho ulianguka watoto wamo ndani, binti. Nilimtoa mdogo kwa kumvuta mguu. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Ningehama."

"Ungehamia wapi?"

Nikamwambia awatoe watoto na anipe nyundo, ama nitaubomoa kwa kichwa. Binti yake aliwatoa, akawakalisha kwenye majani, akasimama mbele yao kama uzio. Hakuna aliyepiga kelele. Ndilo lililonitisha. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele.

"Ukuta haubaki mtupu," fundi alisema. "Kikitoka kitu, kinaingia kitu."

Bibi Gergina alikwisha kuja, amemshika jogoo kwa miguu, kichwa chini. "Upe ukuta huyu. Ungeupa huyu tangu mwanzo, kama baba yako alivyofanya."

"Baba alijenga banda la kuku, Gergina. Jogoo anashika banda. Hashiki nyumba."

"Upe!"

Alichinja jogoo juu ya mawe. Akagonga chokaa, akalegeza jiwe moja, akalivuta. Ukuta ulitoa sauti ndogo, kama mtu anayegeuka kitandani.

"Chukua mwenyewe," aliniambia. "Mimi mikono yangu imeshafanya kazi yake."

Nikainama kwenye tundu. Nikaingiza mkono wa kushoto hadi begani. Ndani palikuwa na baridi ya kisima, halafu vidole vikagusa karatasi iliyoviringishwa na kufungwa uzi. Karatasi ilikuwa na joto. Joto la kitu kilichotoka mfukoni mwa mtu.

"Binti...," alisema bibi Gergina.

Nikageuza kichwa. Alikuwa ananiangalia, mdomo wazi. Kisha aliwatazama wajukuu kwenye majani. Akaweka kiganja juu ya mdomo wake, akaufunga.

Nilivuta karatasi nje. Fundi Stamen hakuniangalia mimi. Aliangalia ukuta, pale karibu na bega langu, kwa makini, kama apimaye. Akalipaka jiwe udongo wa chokaa. Akalirudisha. Akaligonga mara moja kwa mpini.

"Nenda salama, binti," alisema, akavua kofia.

Nilikuwa na haraka ya basi. Ni hadi tulipofika bondeni ndipo nilipojiuliza kwa nini mzee avue kofia kwa ajili ya abiria. Kwetu wazee huvua kofia kanisani na jeneza likipita. Ndipo nikakumbuka pia kwamba ilikuwa asubuhi, na kwamba jua la asubuhi, kwenye njia ile, hukupiga mgongoni.

Uzi niliuchoma kituoni, kwenye kopo la wavuta sigara. Ukurasa niliubandika mahali pake. Nevena alikuwa ameketi kitandani nilipoingia. "Nina njaa," alisema. "Na hii supu nani kaipika? Mbona imezidi chumvi?" Nilikaa sakafuni nikalia, naye akaandika kwamba dada Rayna kalia kwa ajili ya supu.

Amepona. Nasema hivi ili mtu asidhani najuta. Amepanda ngazi akiimba. Kivuli chake kinafika ukutani, na mabega juu yake. Siku ile anaikumbuka yote: mbuzi, pilipili, swali la mume. Anakumbuka na uzi, ukigusa kiatu chake.

Mimi ndiye niliyechoka. Mwanzoni sikutambua, mtu aliyechoka maisha yake yote hana cha kulinganishia. Tasnifu zimelundikana mezani. Nasoma sentensi moja, nafika mwisho wake, mwanzo umeshaondoka. Nguo naanika siku za mawingu tu.

Nevena amejua. Amenunua tiketi ya kwenda kule, nikaichana. Akanunua nyingine. "Kikitoka kitu, kinaingia kitu," nilimwambia. "Nani aingie? Wewe tena? Au mtoto mdogo, kwa kuwa ndiye aliye karibu?"

"Tutampata jogoo mkubwa zaidi," alisema, na wote wawili tukacheka, vibaya. Kisha nikamwapisha kwa jina la mama yake kwamba hatakwenda. Aliapa akiwa ameangalia pembeni. Anajua kukaa vibaya juani, yule, na safari hii atakaa kwa makusudi. Hilo pekee ndilo linaloninyima usingizi, kwani mengine yote yananipa.

Leo asubuhi alikuja chumbani kwangu na daftari, amelishika kwa ncha za vidole.

"Dada," alinong'ona. "Umeandika humu?"

"Lini umeniona nikiandika?"

Alilifungua mapajani mwangu. Jana yake aliacha ukurasa mtupu. Sasa ulikuwa na mistari mitatu. Maneno yalikuwa yamepakazwa yote, kutoka kushoto kwenda kulia, kama kwa kiganja kilichopita juu ya wino mbichi. Ilibidi nisogeze karatasi dirishani ili nisome.

*Mdogo ameacha kuota vibaya. Mkubwa anamwambia ukuta una mtu anayekoroma.*

*Jogoo simsikii.*

*Kesho wanapaka chokaa ya pili.*

Nikakigeuza kiganja changu cha kushoto, nitafute wino.

Hakikuwa na wino. Kilikuwa cheupe hadi kwenye kifundo cha mkono, na kati ya vidole chokaa ilikuwa bado haijakauka.