Wake Wenza wa Gari Jeusi

Kilichoanza ni kengele ya mkanda. Wirot alikuwa peke yake garini, akipanda mlima wa Nan, kaskazini mwa Thailand, kengele ikalia kwamba abiria wa mbele hajafunga mkanda. Kiti kilikuwa kitupu, ila kilinukia yasmini. Akakifunga mkanda ili apate amani. Kengele ikanyamaza, ikaanza ya kiti cha nyuma.

Gari lenyewe la Kijerumani, jeusi, viti vya ngozi. Aliyemuuzia aliapa kwamba linakwenda kama mshale. Mshale gani! Mlimani lilitambaa, pikapu za kabichi zikampita huku madereva wakimpungia mikono. Akikanyaga mafuta, linachupa mara moja, kisha breki zinashika zenyewe. Wirot alitukana hadi koo likamkauka. Kanlaya, mkewe, alikuwa na mimba ya miezi tisa. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa njiani, katika pikapu yao kuukuu, akafa kabla ya kufika hospitali. Gari hili lilinunuliwa kwa ajili ya safari moja tu.

Fundi Somkiat alilipima mara tatu.

"Kaka Wirot, gari zima hili. Labda mguu wako ndio mwepesi."

"Mguu wangu? Nakanyaga mpaka soli imelika!"

Somkiat akachungulia ndani, akashusha sauti. "Na hawa akina mama wawili, umewapakia wapi?"

"Akina mama gani?"

Fundi alirudi ndani akashusha mlango wa gereji, mchana kweupe.

Asubuhi iliyofuata Wirot akalipeleka gari kwa Mama Bunsi, mganga. Bibi akalizunguka gari mara moja.

"Ulimkaribisha nani humu?"

"Kama watu wote, mama. Nilitundika shada la maua kwenye kioo, nikawasha udi, nikamwomba Mae Yanang, roho ya bibi mlinzi wa pikapu yangu, ahamie humu."

"Na mlinzi wa gari hili, ulimuaga kwanza?"

Wirot akatazama viatu vyake.

"Hukumuaga! Umeoa mke wa pili ukamwingiza chumbani kwa mkubwa, halafu unashangaa wanagombania usukani? Mwombe huyo mkubwa atoke. Kwa upole, mwanangu, na umtajie pa kwenda, mti au kibanda cha mizimu. Asiyetajiwa pake hujitafutia."

Simu ikaita. Shemeji yake: uchungu wa Kanlaya umeanza.

Hapo hasira za majuma matatu zikampanda Wirot kichwani. Akalipiga paa la gari kwa ngumi. "Toka! Nenda popote, nimekuchoka!"

Mama Bunsi akaziba mdomo kwa kiganja. Mlango wa kushoto ukafunguka taratibu bila mkono, kiti kikainuka kama kinavyoinuka mtu anapokiacha, na ubaridi ukampita Wirot shavuni, ukashuka barabarani, na mbwa wa kila nyumba wakabweka kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, kuelekea nyumbani kwa Wirot.

Wirot akarukia usukani, gari likachomoka. Kona zote alizikata kwa dakika nne, akicheka na kulia.

Kanlaya alikuwa chini, ameikumbatia nguzo ya nyumba kwa mikono miwili. Dada yake alimvuta, akashindwa.

"Mke wangu, twende! Gari limepona!"

Kanlaya akainua uso, akamtazama kama mtu anayemdai haki yake.

"Siendi," akasema, kwa sauti ya mwanamke mzee. "Umesema popote. Nimeshafika."