Ngao Hachezi Leo

"Ngao, nitazame mimi. Usitazame ukuta."

"Nakutazama."

"Nakutajia maneno matano, nitakuuliza baadaye. Koti, ndizi, kengele, ngazi, sabuni."

"Tabibu wangu, mechi ni saa nne. Haya mambo si tulishayamaliza?"

"Sema miezi kinyumenyume."

Ngao akacheka, akaanza na Desemba, akateremka mpaka Januari bila kukwama.

Walikuwa wawili tu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Ngao kakaa kwenye benchi la mbao, soksi mguu mmoja, kinga za magoti ziko sakafuni. Nje wenzake walikuwa wanapasha misuli. Ilikuwa mechi ya mwisho ya ligi kuu ya taifa ya mpira wa magongo, na klabu yao ya kiwanda ilikuwa ya pili kutoka mkiani. Wakipata sare wanabaki. Wakifungwa wanashuka daraja, na meneja wa kiwanda alishatamka mbele ya wote kwamba timu ikishuka inavunjwa, na walioajiriwa kwa ajili ya magongo watafute pengine. Ngao alikuwa mmoja wao. Harusi yake na Tabibu, daktari wa timu, ilikuwa imebakiza wiki saba.

Jina la Ngao alilipata kwenye kona fupi. Wapinzani wakipewa kona fupi, kipa na mabeki wanne hujipanga kwenye mstari wa goli wamevaa barakoa, na mpira ukianzishwa tu, mmoja wao hutoka mbio kumfuata mpigaji, ana kwa ana, azibe njia kwa gongo au kwa mwili wake. Ni kazi ambayo watu wenye akili timamu huikwepa. Ngao aliifanya miaka tisa na akaipenda. Wiki mbili zilizopita mpira ulimpata juu ya sikio, pale barakoa inapoishia. Akaanguka, akainuka, akapigiwa makofi.

Siku nne baadaye Tabibu alimpima, akafaulu yote, akamwekea saini ya kucheza. Na angemwacha acheze na leo, kama si simu iliyoingia alfajiri kutoka kwa mama mkwe mtarajiwa.

"Mwanangu, nimekuamsha?"

"Hapana, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sikia, mwenzio jana kamimina chai mezani. Kikombe kiko hapa, yeye anamimina pale. Nikamuuliza, akaniambia mama, usimwambie mtu. Mimi nimemzaa, siwezi kumfichia. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Ndiyo maana Tabibu alikuwa chumbani humu na saa mkononi.

"Haya, muda umefika. Nirudishie maneno yangu."

"Kisu, embe, mkeka, punda, shuka."

Aliyataja haraka, kwa tabasamu la mwanafunzi aliyefaulu. Tabibu akakaa.

Maneno hayo yalikuwa ya zamani. Aliyatumia kwa kila mchezaji tangu aanze kazi, na kabla ya hapo aliyafanyia mazoezi nyumbani, Ngao kamlalia mapajani, anamjibu huku anasinzia. Katika miaka miwili ya mapenzi yao yalikuwemo kisu, embe, mkeka, punda, shuka. Na hakuwahi kuyabadilisha mpaka leo. Uzembe huo ulikuwa wake, hakuwa na wa kumsingizia.

"Hayo siyo niliyokutajia, Ngao."

"Ndiyo hayo. Siku zote ndiyo hayo."

"Leo nimesema koti."

Tabasamu likaondoka polepole.

"Na ile siku nilipokupima, uliniimbia tu uliyoyakariri?"

Ngao akainama, akaokota kinga ya goti.

"Mpira ukija, unaona mingapi?"

"Miwili." Kisha akaongeza upesi, "Lakini wa kweli ni ule wa kushoto. Nimeshaujua."

Tabibu hakujua acheke au alie. Akalia.

"Usilie, mpenzi. Ni dakika sitini tu. Mpira ukiisha, nipeleke hospitali unayotaka, nitakufuata kama mbuzi."

"Na ukipigwa tena humo katikati?"

"Nisipocheza tutafungwa. Tukifungwa sina kazi. Baba yako atampa binti yake mtu asiye na kazi?"

"Atampa mtu aliye hai."

"Nakuomba." Ngao akapiga magoti. Mwanaume wa futi sita na ushee, magoti kwenye zege. "Sijawahi kukuomba kitu. Leo nifichie."

Mlango ukafunguliwa. Kocha alikuwa na karatasi ya kikosi mkononi.

"Dada, fomu yake iko tayari? Mwamuzi anaisubiri."

Tabibu akamtazama mchumba wake pale chini. Moyo wake wote ulitaka kusema ndiyo.

"Ngao hachezi leo."

"Unasema?"

"Kichwa chake hakiko sawa. Nilimruhusu kimakosa. Ngao hachezi."

Kocha akavuta pumzi. "Dada yangu, hebu tuongee kikubwa. Hayo ni ya Tabibu au ni ya bibi harusi?"

"Ya wote wawili, Kocha. Na wote wamekataa."

Ngao akainuka. Akavua ile soksi moja, akaikunja vizuri, akaiweka benchini. Wachezaji watatu walikuwa wameshachungulia mlangoni.

"Sikilizeni wote, muwe mashahidi," akasema kwa sauti ya chini. "Mimi na huyu, basi. Na harusi basi."

Akapita katikati yao, bega likagonga fremu ya mlango ambayo mtu mzima wa macho angeikwepa. Hakuna aliyeliona hilo ila Tabibu.

Mechi aliitazama kutoka kwenye benchi la ufundi, sanduku la dawa miguuni, peke yake, maana hakuna aliyetaka kukaa karibu naye. Robo tatu za mchezo zikaisha bila bao. Kila dakika ikipita, Tabibu alimwomba Mungu sare tu, hata ya bahati. Zikiwa zimebaki dakika mbili, mpira ukamgonga beki wao mguuni ndani ya duara. Filimbi. Kona fupi.

Aliyekimbia badala ya Ngao alikuwa winga, mwenye mbio lakini mwenye kupenda uso wake. Alichelewa hatua moja. Wavu ukatikisika.

Hakuna aliyemtukana Tabibu. Ingekuwa nafuu. Walimpita mmoja mmoja na magongo yao begani, na nahodha, aliyekuwa na watoto wanne na kazi ya stoo pale kiwandani, akasema tu, "Pole, dada," na pole hiyo ikamchoma kuliko tusi.

Alipiga simu ya Ngao mara kumi na moja. Haikupokelewa. Saa tisa alasiri ukaingia ujumbe:

"Nakuja kuchukua vitu vyangu. Usinipikie. Usinisemeshe."

Tabibu akakunja mashati yake manne, akayatia kwenye mfuko, akakaa nao kitandani. Alijiuliza swali lile lile lililomsumbua tangu asubuhi: je, kama angemfichia? Wangepata sare. Jioni hii wangekuwa wanacheka. Watu thelathini wangekuwa na kazi Jumatatu. Alikuwa na uhakika gani, yeye na saa yake na maneno yake matano?

Saa kumi simu ikaita.

"Niko nje."

Akatoka hadi barazani. Mtaa ulikuwa na jua na watu wawili watatu. "Nje wapi? Sikuoni."

"Kwani siku hizi unakaa nyumba ipi?"

Akadhani ni kejeli. "Ngao, kama umekuja kunidhihaki, leo nimeshachoka."

"Sidhihaki." Sauti ilikuwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa. "Nimepita hapa mara tatu. Najua mlango ni wa kijani. Naona yote ya kijani. Nimekuja kukuacha, na sipajui kwako."

Tabibu akatoka mbio peku. Akamkuta nyumba tatu mbele, kwa fundi cherehani, kaegemeza paji la uso ukutani, simu bado sikioni. Akamshika mkono, naye Ngao akakubali kushikwa.

Kwenye teksi akauliza, "Tumetoka sare?"

"Mmefungwa moja."

"Kwani mimi nilikuwa wapi?"

"Nilikutoa."

Akakasirika, akamwita msaliti, akageukia dirishani. Baada ya kona mbili akauliza tena, "Tumetoka sare?" Tabibu akamjibu vilevile, bila kuongeza wala kupunguza, naye akakasirika upya. Safari moja, Tabibu akamvunja moyo mara tatu. Mara ya nne Ngao alimsikiliza, kisha akasema, "Kichwa kinauma, mama," na akamlalia begani.

Daktari wa zamu alishika picha ya kichwa kwenye mwanga. Alikuwa mwanamke mtu mzima, hana maneno mengi.

"Damu imekuwa ikivuja taratibu ndani ya fuvu. Wiki mbili hizi. Alicheza lini mara ya mwisho?"

"Wiki iliyopita. Leo nilimzuia."

"Pigo moja la leo lingemmaliza palepale uwanjani. Mmemwahi. Tunampasua sasa hivi, na operesheni hii naijua."

Tabibu akashika ukingo wa kitanda. Daktari akainama kwa mgonjwa, kalamu mkononi.

"Kaka, unanisikia? Leo siku gani?"

"Alhamisi."

Ilikuwa Jumapili. Daktari akaandika.

"Hapa ni wapi?"

"Uwanjani."

Akaandika tena. Kisha akamwelekezea kalamu Tabibu, aliyesimama peku, macho yamevimba.

"Na huyu ni nani?"

Ngao akamtazama muda mrefu. Tabibu akaangalia chini, akikumbuka mashahidi wa asubuhi.

"Mke wangu," akasema Ngao.

Daktari akatupa jicho kwenye kidole cha Tabibu kisicho na pete, akasogeza kalamu kwenye karatasi.

"Na hilo nalo kakosea?"

"Hapana, daktari," akasema Tabibu. "Hilo kapata."