Mikwaruzo kwenye Kioo cha Roshani

Jua lilikuwa linazama dalali alipoinjika sufuria ya mdalasini kwenye jiko la fleti ile ya ghorofa ya juu. Ndivyo alivyofanya kabla ya kila mteja: nyumba iliyokaa tupu hunuka upweke, na mdalasini huifanya inukie familia. Akawasha taa zote. Kisha akavuta pazia zito mbele ya mlango wa kioo wa roshani, kuficha ile mikwaruzo.

"Paka," mwenye kuuza alikuwa amemwambia. "Paka wa marehemu mama."

Dalali alikuwa na haraka. Jioni ile wakwe zake watarajiwa walikuwa wanakuja kumwona kwa mara ya kwanza. Mama yake mzazi, mwenye kikohozi kisichokatika, dalali alikuwa keshamfungia chumbani huko nyumbani. Kwa muda tu. Ufunguo ulikuwa kwenye mkoba.

Alipogeuka, mteja alikuwa ameshasimama sebuleni.

Mlinzi hakupiga simu kutoka getini. Lifti haikulia.

"Shikamoo, mama. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Nimeshakaribia."

Alikuwa bibi mwembamba, amejitanda shuka mabegani. Alinuka dawa ya kuchua kifua, kali hata ikaufukuza mdalasini. Jikoni aliipiga kiganja ubavuni ile droo iliyokwama. Ikafunguka. Dalali alikuwa ameihangaikia tangu alipokabidhiwa nyumba.

"Nyuma ya pazia kuna nini?"

"Roshani, mama. Ni... paka alikwaruza kioo kidogo."

"Paka." Bibi akacheka hadi akakohoa. "Paka gani huyo anayekwaruza kasimama wima?"

Dalali akalitupia pazia jicho. Mikwaruzo ile ilianzia usawa wa kifua cha mtu.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo... amepumzika."

"Amepumzika," bibi akarudia, polepole. "Haya, mwite anayeuza. Naichukua leo, ila aje mwenyewe. Mimi nipo nje, napunga upepo."

Akapita nyuma ya pazia.

Mwenye kuuza alifika upesi, manukato mbele, yeye nyuma. Hakuwa amekanyaga pale tangu mazishi.

"Yuko wapi huyo bibi wa watu? Au umemuuza na yeye?"

Dalali akaonyesha pazia.

Ko. Ko. Ko.

Kwenye kioo. Kisha kikohozi.

Mwenye kuuza akabadilika rangi.

"Baba..." sauti ilinong'ona kutoka nje, kama mama anayembembeleza mwanawe. "Baridi, baba. Wageni wako wameshaondoka?"

"Nani amekufundisha maneno hayo?" akamfokea dalali, akaling'oa pazia. Nje hapakuwa na mtu. Akasukuma mlango, akatoka, akachungulia kila kona.

Mlango ukateleza nyuma yake.

Komeo likaanguka. Kwa ndani.

"Fungua!" Alikipiga kioo kwa viganja vyote viwili. "Wewe, fungua! Nilisahau tu! Nilisafiri... nikasahau kwamba mama yupo nje!"

Dalali akalishika komeo. Lilikuwa baridi kama barafu. Mkono mwepesi ukamtua begani, na ile harufu.

"Mwache, mwanangu. Bado tuna wageni."

Alikimbia. Aliporudi na mlinzi, yule bwana alikuwa ameketi kaegemea kioo, midomo imepasuka, macho yamezama, kama mtu aliyeachwa juani siku nyingi. Kucha zimeng'oka. Hapumui.

"Bibi gani?" mlinzi akanong'ona. "Hajapita bibi yeyote getini. Wa humu alikuwa mmoja tu. Wageni wakija, alitolewa huko nje, asiwakoholee."

Dalali hakungoja kuulizwa zaidi. Alifika kwake akihema, ufunguo mkononi.

Mlango wa chumba ulikuwa wazi.

Mama yake alikuwa sebuleni, kwenye kiti kilichotengewa wageni, kifua kinang'aa dawa.

"Mama... nani amekufungulia?"

"Yule mama mteja wako. Mpole kweli! Kanichua kifua, kaizunguka nyumba yote. Anasema bado hajaamua."

"Hajaamua nini?"

"Hakusema. Kasema anataka kwanza aione nyumba ikiwa na wageni."

Hodi ikapigwa. Wakwe. Vicheko na harufu ya nguo mpya vikapenya chini ya mlango.

Mama akakohoa, akajikokota kuinuka.

"Nirudi chumbani, mwanangu?"

Dalali akafungua mdomo. Kisogoni mwake, pumzi baridi yenye harufu ya dawa ya kuchua ilikuwa inasubiri jibu.